Itara ya Chuma huko Naro Moru

Ifahamike kwa watu wote, wa Tetu na wa Mathira, wa Kieni yenye vumbi na wa Othaya yenye majivuno, na hata kwa wale waliohamia Ruiru wakasahau kupiga simu nyumbani, ya kwamba Moffat Gatimu wa Wamagana, karani mstaafu wa kituo cha kununulia majani chai, mume wa mke mmoja na mmiliki wa ng'ombe wawili, mmoja wao akiwa na maziwa, ameteuliwa mwenyekiti wa kamati ya kutafuta kambi. Kambi yenyewe si ya jeshi wala ya wakimbizi. Ni mahali pa kulala kwa siku nne ili familia ipate kutoka asubuhi, itembee mlimani kwa miguu, irudi jioni, na isiwe imeenda popote.

Angalau hivyo ndivyo Warigia, mkewe, alivyolielewa jambo hilo, na hakuna aliyefaulu kumrekebisha.

"Kutembea kwenda wapi?" alimwuliza binti yake kwa simu.

"Kutembea tu, Mami. Ni holidei. Watu hutembea."

"Mimi nimetembea na kikapu ya majani mgongoni miaka thelathini. Kumbe nilikuwa holidei na hakuna mtu aliniambia."

Binti huyo ni Lynn, mwalimu wa kemia mjini Nanyuki, na holidei ilikuwa fikira yake. Miaka mitatu iliyopita aliolewa na Akash, mtoto wa Kanubhai na Kamla, wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Ukoo wa Kanubhai ulianza kuuza misumari pale kabla babake Moffat hajapata paa la kupigilia msumari. Kanubhai ameishi miaka sitini na minne akitoka kaunta kwenda gari, gari kwenda kaunta, mpaka daktari akamwambia atembee au aandike wosia. Kanubhai akasema atatembea, lakini si peke yake kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Basi Lynn akapanga: wiki ya kwanza ya Januari, familia zote mbili, chini ya Mlima Kenya. Na kwa kuwa Moffat hakuwahi kuchelewesha ripoti ya majani hata siku moja kwa miaka thelathini na mmoja, akapewa kiti.

Alikipokea kwa uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo. Ukweli ni kwamba moyo wake uliruka kama ndama.

Kwa miaka hiyo thelathini na mmoja Moffat alisimama kila asubuhi chini ya kibanda cha mabati, mizani ikining'inia mbele yake. Alikuwa na desturi moja: kabla ya kusoma uzito aligonga mizani mara mbili kwa kidole, ili sindano isimdanganye mkulima wala kiwanda. Na kila alipoinua macho kuisoma ile sindano, nyuma yake palikuwa na mlima. Asubuhi nyingi ulikuwa wazi, na kofia yake nyeupe, umekaa pale kama mtu anayesubiri kupimwa. Hakuwahi kuukanyaga. Sasa ana miaka sitini na sita, na goti lake la kushoto limeanza kutoa maoni kila anaposhuka ngazi. Alikuwa amejipigia hesabu: asipokwenda Januari hii, goti litaamua lenyewe.

Lakini hayo angemwambia nani? Mwanamume wa Wamagana mwenye akili timamu huenda mlimani kutafuta ng'ombe aliyepotea. Kwenda mlimani ili kuuangalia mlima ni kazi ya watalii na manabii. Moffat akatafuta kalamu na daftari.

Kazi ya kamati ingechukua dakika tano. Kanubhai ana nyumba Naro Moru: ya mawe, vyumba vinne, mto unapita nyuma, na geti la msituni si mbali kwa gari.

"Si tukae tu kwa Papa?" Lynn akasema kwa simu, Papa akiwa baba mkwe wake.

Jikoni kwa Moffat, Warigia akaweka sufuria chini polepole.

"Hatujaona itara," akasema.

Kwa msomaji ambaye hajaoza binti upande huu, maelezo ni haya. Mama wa bibi arusi haingii nyumba ya wakweze, hali humo, halali humo, mpaka aalikwe rasmi kwenda kuona itara, yaani ile dari ndogo ya fito juu ya meko inayokaushiwa kuni. Anakwenda kuhakikisha kwamba mtoto wake ana kuni. Akishaiona, anaweza kuja siku yoyote na kukosoa chochote. Mahari ya Lynn yalikwenda vizuri. Badala ya mbuzi fulani, Kanubhai alileta mabati sitini, na mpaka leo hakuna aliyewaulizia wale mbuzi. Mambo yalikwama kwenye itara. Lynn na Akash wanaishi kwenye fleti, ghorofa ya tatu, na wanapikia gesi. Suala likapelekwa kwa Mzee Muchiri, binamu mkubwa wa Moffat na msemaji wa ukoo, mtu ambaye hakuna aliyemchagua na hakuna anayeweza kumtoa. Akatoa hukumu kwa simu.

"Itara ni kitu ya moshi. Bila moshi mtaona nini? Mtaangalia mtungi?"

Tangu siku hiyo Warigia hajapanda hata ngazi moja ya fleti ile. Alipeleka kabeji na nduma mpaka getini, akampa soja anayelinda pale, na Lynn akashuka na ndara wakapiga gumzo huku wameegemea boneti ya gari la mtu wasiyemjua. Ni soja aliyemaliza miaka mitatu akizijua kabeji za Wamagana kuliko Akash.

Ungesema basi, mwambieni Kanubhai awaalike. Hilo ndilo lisilowezekana. Mwaliko wa itara hutoka upande wa mume, wenyewe, kwa hiari yao. Baba wa bibi arusi akiukumbusha, ameomba. Na muthoni, yaani mkwe, haombi. Afadhali alale mtini.

Kwa hivyo mwenyekiti akaenda kutafuta kambi nyingine bila kusema kwa nini. Na nani akajitolea kumpeleka kwa pikapu? Kanubhai mwenyewe, aliyefurahi kupata sababu ya kufunga duka mapema. Ni mtu mnene, mcheshi, anayeongea Kigikuyu cha Nyeri kwa ufasaha unaowatia aibu wajukuu wa Mzee Muchiri, na neno "muthoni" hulitamka kama mtu anayemumunya peremende.

Walianza Kiganjo, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa fulani. Blanketi safi, sakafu inang'aa. Mtunzaji akawasomea masharti: geti hufungwa saa moja na nusu jioni, waume hulala bweni la kushoto, wake bweni la kulia, na redio ni ya ibada pekee.

"Hapa ni pazuri sana," Moffat akasema, akiandika.

"Muthoni, tunaenda kutembea ama tunaenda kuwa mapadri?"

Wiki iliyofuata wakaenda barabara ya Nanyuki kuona nyumba iliyoitwa Theluji Villa. Theluji ilikuwepo, imechorwa kwenye kibao. Mlima wenyewe ulizibwa na miti ya blugamu. Mwenye nyumba aliwahakikishia kwamba wakilipia wiki nzima, atakata miwili.

"Kivuli ni muhimu," Moffat akasema.

Wiki ya tatu wakashuka Karatina. Vyumba vilikuwa juu ya duka la mbegu, dirisha linatazama soko, na chini yake wanaume wanne walikuwa wakigombana juu ya gunia la viazi kwa sauti za kufufua wafu. Moffat akasifu jinsi mboga zilivyo karibu.

"Karatina," Kanubhai akasema taratibu, kama daktari anayerudia jina la ugonjwa. "Nitembee kati ya viazi."

Walipokuwa wanarudi, Moffat, kwa kukosa la kufanya, akataja Chogoria. Pikapu ikaenda mpaka Gatitu, mji wa Nyeri ukiwa tayari unaonekana. Hapo Kanubhai akasimama kando ya barabara, akazima injini.

"Chogoria ni huko nyuma kabisa. Yaani muthoni, umeona afadhali uzunguke mlima mzima kuliko ulale kwangu."

"Sijasema hivyo."

"Ni chakula, sivyo? Kwa sababu hatupiki nyama. Kamla aliniambia. Alisema, hawa watu wana adabu, hawawezi kusema, wewe usiwalazimishe." Akajifuta uso. "Hakuna haja ya kusumbuana. Nitaambia Lynn tuwache hii maneno ya mlima. Mimi nitatembea ndani ya duka. Kutoka misumari mpaka rangi, kutoka rangi mpaka misumari."

Moffat alitazama kupitia kioo cha mbele. Mlima ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni, kama mama anayeoga. Goti likamdunda. Aliona Januari ikiondoka, na nyuma yake Januari zote zilizobaki, yeye akiwa kitini. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Moffat Gatimu akafanya jambo ambalo babake angemtemea mate: akamwambia mkwe wake ukweli.

Alieleza yote. Itara, moshi, fleti, soja na kabeji. Alieleza akiangalia magoti yake.

Kanubhai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaangukia usukani na honi ikalia, na mama aliyekuwa akiuza ndizi kando ya barabara akaruka.

"Unajua babake Kamla? Mzee wa Thika. Alikuja kutuona Nyeri miaka ishirini na sita. Kila mara na chupa yake ya maji. Kwetu pia, baba wa msichana hali kwa msichana. Miaka ishirini na sita, muthoni! Hakuonja chai yangu hata siku moja mpaka akafa. Nilidhani ninyi hamna mambo kama haya. Nilidhani mnanidharau tu kawaida."

"Hatukudharau."

"Sawa. Sasa hii itara ni nini hasa? Inakaa namna gani?"

"Ni miti hivi," Moffat akasema, akichora hewani. "Inalazwa juu ya moto. Unaweka kuni zikauke."

"Ni rafu."

"Si rafu."

"Ni rafu, muthoni. Mimi nauza rafu."

Siku nne baadaye, sebuleni Naro Moru, juu ya meko ya mawe ambayo Kanubhai alikuwa amewasha mara mbili tangu aijenge nyumba, palisimama itara ya kwanza ya aina yake katika historia ya kaunti. Ilikuwa ya chuma cha pembe, imefungwa kwa bolti kumi na sita, imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na iliweza kubeba kilo mia mbili. Kuni sita za blugamu zilipangwa juu yake, zimesawazishwa kwa pimamaji. Kisha Kanubhai na Kamla wakaja Wamagana wenyewe, na boksi la matunda, na wakatoa mwaliko kama inavyotakiwa. Kamla alimshika Warigia mikono miwili.

"Ningejua, dada, ningepanga hata mwaka juzi," akasema. "Mimi najua vile chupa ya maji huuma."

Ilibaki baraka ya Mzee Muchiri. Moffat akampelekea picha, kisha akampigia.

"Iko na moshi?" mzee akauliza.

"Iko."

"Na hiyo rangi nyekundu ni ya nini?"

"Ya kuzuia kutu, mzee."

"Kutu haikuwa shida ya babu zetu," Mzee Muchiri akasema. "Lakini hawakukataza chuma. Hawakukijua vizuri. Imepita."

"Asante, mzee. Mimi na Mama Lynn tutaenda tu pole pole, tuione, halafu tutembee—"

"Itara haionwi na watu wawili kama wezi. Niachie mimi."

Moffat akaelewa kwamba watakuwa wanne, pengine watano. Mtu aliyepima majani ya chai miaka thelathini na mmoja bila kukosea hata kilo, akakosea hapo.

Tarehe mbili Januari, saa nne asubuhi, basi la shule la kukodi liliingia geti la Naro Moru kutoka Wamagana. La pili likafuata, limebeba jamaa wa ukoo waliohamia Kenol. Wakashuka watu arobaini na watatu. Akina mama walikuwa na vyondo mgongoni: unga, sukari, njahi, ndizi za mkungu mzima. Wanaume walikuwa na makoti. Viatu vyote vilikuwa vya kanisani. Mzee Muchiri alishuka wa mwisho, na kipaza sauti chake mwenyewe.

Kamla alisimama dirishani na viatu vipya vya kutembelea mlimani, kamba hajafunga.

"Wote wamekuja kutembea?" akamwuliza Lynn.

"Hakuna hata mmoja," Lynn akasema.

Warigia aliongoza. Aliingia mlangoni, akapita viti, akapita zulia, akapita Akash aliyekuwa ameinama kusalimia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meko. Aliishika itara kwa mikono miwili, akaitikisa. Haikutikisika. Akaning'inia kidogo. Bado.

"Hii haitaanguka," akasema.

Vigelegele vilivyofuata vilishtua ndege mpaka ng'ambo ya mto. Dakika kumi baadaye Warigia alikuwa amekula, amekunywa chai vikombe viwili, na amemwambia Kamla kwamba mapazia yale yanakusanya vumbi. Kamla akamwonyesha Lynn kwa macho: umeona? Sasa ni dada kweli.

Suala la mbuzi wa sherehe lilitatuliwa kidiplomasia. Alichinjiwa ng'ambo ya mto kwa jirani, akaliwa huko huko, na kila aliyekula alisukutua mdomo kabla ya kuvuka daraja kurudi kwa Kamla kula maharagwe. Mzee Muchiri alivuka mara tatu.

Ilipofika jioni Moffat akasubiri mabasi yaondoke. Hayakuondoka. Watu walikuwa wamesikia kwamba mambo haya ni ya siku nne, na hakuna mtu wa Kenol anayekuja mpaka Naro Moru kwa siku moja. Wakalala vyumbani, wakalala sebuleni chini ya itara, wakalala verandani, wakalala ndani ya mabasi. Kambi ambayo mwenyekiti aliitafuta wiki tatu ilijaa mpaka yeye mwenyewe akapewa nusu ya kochi.

Siku ya pili ilikuwa ya hotuba. Baba wa bibi arusi hatoki kitini akishukuriwa, na Moffat alishukuriwa kutoka saa tatu mpaka saa kumi. Siku ya tatu ilikuwa ya picha, na ya kuzijibu zile hotuba. Asubuhi zote mbili mlima ulikuwa wazi kabisa, mweupe, karibu kama jirani, umesimama juu ya bega la kushoto la Mzee Muchiri. Moffat aliutazama hapo begani. Lynn alimwona akitazama. Jioni alimwekea gambuti mlangoni, na soksi ndani yake.

Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, mtu alimgusa mguu. Alikuwa Kanubhai, amevaa suruali ya kulalia, sweta na gambuti.

"Muthoni," akanong'ona. "Daktari alisema nitembee."

Waliruka miguu ya watu kumi na mmoja kufika mlangoni. Lynn alikuwa nje tayari, injini ya pikapu inanguruma. Aliwapeleka mpaka getini, akalipa, akawakabidhi kwa mwongozaji, mama mmoja wa Naro Moru aliyetembea huku akisuka kiondo, hatazami njia, hatazami kiondo.

"Mnataka kufika wapi?" mama akawauliza.

"Popote," Kanubhai akasema.

"Juu," Moffat akasema, upesi kuliko alivyokusudia.

Wakapanda. Walipita msitu, wakapita mianzi, wakapita nyani walioketi barabarani kama kamati. Kanubhai alipumzika kila kona na kila alipopumzika alikadiria bei ya mbao za mti ulio karibu. Goti la Moffat lilitoa maoni yake yote, na mengine mapya. Baada ya mwendo wa saa tano walifika kituo cha hali ya hewa, wakala chapati za Kamla. Kanubhai akasema hapa panatosha kwa daktari yeyote. Moffat akaendelea. Kanubhai akatukana kwa Kigujarati, kisha kwa Kigikuyu, akamfuata.

Juu ya kituo miti iliisha na tope likaanza, tope jeusi la kufika magotini, linaloelekea juu kama ngazi. Ukungu ukashuka. Mwishowe, penye majani marefu na jiwe moja la kijivu, mama akageuka, kiondo kimefika nusu.

"Kama mnataka kurudi kabla ya mvua, ni hapa."

Moffat akasimama. Alikuwa na tope mpaka mfukoni. Aliinama, goti likilia, akaligonga lile jiwe kwa kidole. Mara mbili. Akangoja kidogo, kichwa kimeinama, kama mtu anayeacha sindano itulie.

Simu ikalia. Mtandao, ambao Wamagana haupatikani mpaka upande juu ya tangi la maji, hapo ulikuwa kamili. Akabonyeza spika kwa kidole cha tope.

"Moffat mwana wa Gatimu!" Ilikuwa sauti ya Mzee Muchiri, na kwa mwangwi wake ilikuwa inapitia kipaza sauti. "Tumeambiwa umepanda. Hapa tuko sisi wote, wa Wamagana na wa Kenol, na wakwe zetu, tumesimama. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kufika huko bila kutafuta ng'ombe. Babu zetu walisali wakiangalia hapo ulipo. Mkeo yuko hapa. Watoto wako hapa. Simu tumeiweka kwa maiki, tunarekodi. Sema neno, Moffat. Tuambie, mlima ukoje?"

Moffat akatazama juu: ukungu. Akatazama mbele: ukungu. Akamtazama Kanubhai, aliyekuwa ameketi kwenye tope na gambuti moja tu. Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Kutoka nyumbani unaonekana vizuri zaidi," akasema.